Mtoto hasemi kilichompata njiani, je nimpe daftari aandike?

ShangaziWaAmu:

Assalam aleikum ndugu zangu, na msio Waislamu hamjambo nanyi. Mie niko hapa hapa Amu (Lamu), nalea mtoto wa marehemu kakangu, kijana wa miaka 11. Mwaka jana walikuwa safarini yeye na babake, gari lao likashambuliwa ile barabara ya Garsen kuja huku, mnaoishi upande huu mwajua nasema nini sina haja ya kueleza zaidi. Babake akafa pale pale na mtoto anaona. Mamake yuko lakini yeye mwenyewe hajakaa sawa tangu siku ile, ndo mie nikamchukua kijana.

Sasa huyu mtoto hasemi. Si kwamba ni bubu, anaongea mpira, anaongea chakula, anatumwa dukani anaenda, lakini ukigusa ile safari anakwambia sijui halafu anatoka nje. Usiku anakojoa kitandani na alikuwa ashaacha zamani, analala na taa, na tukivuka bahari kwenda bara pale Mokowe, gari haingii hata umbembeleze vipi. Pikipiki ikipasua mlio ule wa ekzosi utamkuta chini ya meza. Kilichonifanya niandike hapa ni wiki iliyopita nilikuwa natafuta karatasi nikafungua daftari lake la hesabu, nyuma kabisa nikakuta ameandika nambari ya lile gari. Nambari ile ile, mstari kwa mstari, ukurasa mzima umejaa, na kalamu amekandamiza mpaka karatasi imetoboka mahali.

Mama mmoja nilokaa naye kwenye foleni ya kliniki akaniambia kuna tiba ya kuandika, ati watoto waliopata mshtuko wanapewa daftari wanaandika yote yaliyowapata na wanapona. Ni kweli? Nimpe daftari nimwambie andika? Akiandika nisome au nisisome? Mamangu mzazi hataki kabisa, asema mtoto asikumbushwe atasahau mwenyewe akikua. Nisaidieni jamani, nimechanganyikiwa.

MshauriMalindi:

Wa aleikum salaam dadangu, pole sana, Mungu amrehemu kakako. Mie nafanya ushauri nasaha hapa Malindi, zaidi na watoto. Nitakujibu kwa urefu kidogo univumilie, manake watu wengi wana swali kama lako na hawaulizi.

Hiyo tiba ipo na ni ya zamani kidogo. Aliyeanza kuipima kitaalamu ni Mmarekani anaitwa James Pennebaker. 1986 alitoa utafiti wake, alichukua wanafunzi wa chuo kikuu wakaandika dakika 15 kila siku kwa siku 4 mfululizo, wengine jambo lililowaumiza kuliko yote maishani na wengine mambo ya kawaida tu. Walioandika machungu yao, tukio pamoja na walivyojisikia, walipomaliza walikuwa wanyonge na hata presha ilipanda kidogo, lakini miezi iliyofuata ndio walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Shika hapo mambo mawili. Siku ile mtoto ameandika anaweza kuonekana amezidiwa, hiyo haina maana umemharibu. Na la pili, wale walikuwa watu wazima wanaosoma chuo, hawakutoka kumuona baba anauawa, kwa hiyo usichukue dakika 15 siku 4 ukambandika mtoto wa miaka 11 kama dawa ya dukani.

Kwa watoto wa vita na maafa kuna mpango mwingine wa wataalamu wa Norwei na Uingereza, kina Atle Dyregrov na William Yule. Huu ni wa vijana waliokomaa kidogo, balehe hivi. Siku 3, kila siku wanakaa kuandika mara 2, dakika 15 15. Mwanzo kijana anamwaga tu kilichomo moyoni bila kujali mpangilio, halafu mbele wanambadilishia: mwandikie mwenzako aliyepatwa na jambo kama lako ungemshauri nini, au jiweke miaka 10 mbele uangalie nyuma. Walijaribu na vijana wakimbizi wa Afghanistan walioko Iran waliofiwa, matokeo yalitoka 2012, majonzi yalipungua. Walipojaribu Gaza matokeo hayakuwa wazi hivyo, na mie naona ni kawaida, mtoto ambaye hatari bado iko juu ya kichwa chake utamponyaje kwa kalamu?

Kwa nini kuandika kunasaidia. Kumbukumbu ya kitu cha kutisha haikai kichwani kama kisa cha kawaida, inakaa vipande vipande, mlio, harufu, rangi ya shati, nambari ya gari kama huyo wako. Kile kipande kikiguswa mwili unadhani jambo linatokea saa hii, ndo maana pikipiki inamtupa chini ya meza. Mtoto akipata nafasi ya kukiweka kisa kwa mpangilio, tulitoka wapi, ikawaje, baadaye nani alinibeba, sasa niko wapi, vile vipande vinaanza kuungana na kwenda mahali pake, yaani nyuma. Kile kisa kupata mwisho ndo kazi yenyewe, kwamba kiliisha na leo niko kwa shangazi.

Lakini sasa nikwambie ukweli dadangu. Angekuwa na wiki mbili tangu tukio ningekwambia muache, mlishe, mlaze, kaa naye karibu, akitaka kuongea msikilize asipotaka usimchokonoe. Shirika la Afya Duniani linakataza kabisa kumkalisha mtu aliyetoka tu kwenye tukio ukamlazimisha asimulie lote. Ila huyu wako imepita mwezi, imepita miezi, na dalili ziko pale pale. Hilo daftari peke yake halimtoshi, anahitaji mtu aliyefunzwa akae naye, na kuandika kuwe ndani ya hiyo kazi. Anza na hospitali kuu ya King Fahad hapo Amu, uliza wanaoshughulika na afya ya akili, usiseme mtoto anakojoa tu watakupa dawa ya mkojo, eleza yote kama ulivyoeleza hapa. Pia kuna simu ya watoto 116, ni bure, hata wewe mlezi unaweza kupiga.

Na usiogope ukiambiwa atakayekaa naye si daktari. Bungoma na kule Moshi Tanzania walifanya utafiti na watoto 640 waliofiwa na wazazi, wakitumia watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa vizuri, na sehemu moja ya ile tiba ni mtoto kusimulia kisa chake kidogo kidogo na mlezi wake akihusishwa pia. Ilichapishwa 2020. Bungoma ndiko faida ilionekana wazi.

BabaWaFaza:

Mshauri nimekusoma na nakuheshimu, lakini mie niko upande wa bi mkubwa, mamake Shangazi. Kidonda kikifunga wewe unakifungua cha nini? Sisi huku tumezikwa na bahari mara ngapi, watoto wamelia wakanyamaza wakaenda kuvua na wao. Mtoto asomewe Qur'ani, apelekwe madrasa, acheze na wenzake, Mwenyezi Mungu ndiye mponyaji. Hii ya kukalisha mtoto aandike maiti ya babake mie hainiingii.

TichaWaBara:

Baba wa Faza shikamoo, naomba nikujibu kwa heshima. Mimi nilikuwa nafundisha Mpeketoni, Lamu upande wa bara, 2014, ule mwezi wa Juni mji ukashambuliwa wakauawa zaidi ya watu 60 kwa siku mbili. Shule zilipofunguliwa tulikuwa na watoto darasani ambao mwili uko na mwenyewe hayuko. Na wale walionyamaza ndio tulidhani wamesahau, kumbe ndio waliokuwa wanakaa karibu na mlango, wanahesabu madirisha, kengele ikigongwa ghafla mtu anajikojolea. Kwa hiyo kidonda kilichofunga juu na ndani kuna usaha huwezi kusema kimepona.

Baadaye tukaletewa mshauri akatufundisha sisi walimu kidogo, na nieleze tulivyofanya maana maelezo ya mshauri ni mazuri lakini mtu anataka kujua ikawaje kwenye dawati. Hatukuanza na tukio. Kwanza kabisa ilikuwa andika mahali unapopenda kukaa. Wakaandika mti wa mwembe, jikoni kwa nyanya, mmoja aliandika juu ya tangi la maji, kumbe alikuwa anapanda huko kila jioni. Zile kurasa tukaziacha mwanzo wa daftari, mtoto akizidiwa siku nyingine anarudi kuzisoma. Siku zilizofuata tukaingia kwa watu, nani alikusaidia, nani unamkosa. Tukio lenyewe lilikuja baadaye sana na si kwa wote, wapo ambao hawakuliandika kabisa na tuliwaacha.

Kalamu nyekundu tuliiweka mbali. Hapana kusahihisha tahajia, hapana alama, hapana "andika vizuri". Mwalimu ukizoea kusahihisha mkono unawasha kabisa, lakini mtoto ameandika "babagu alianguka" wewe unamwekea duara kwenye neno baba, hapo umemfunga mdomo mwaka mzima. Na lugha ni yake. Kikuyu, Kiswahili, Kiamu, kuchanganya, yote sawa. Wapo tuliowaambia andika kwa Kiingereza kama insha za shuleni wakatoa mistari miwili, walipoachiwa lugha ya nyumbani wakajaza kurasa.

Kuna msichana mmoja yeye alikuwa anamwandikia mbuzi wao. Kila kipindi barua kwa mbuzi. Mbuzi wewe ulikimbilia wapi, mimi nilikuwa kwenye mahindi, nyasi zilikuwa na umande. Zile barua ndizo zilizobeba usiku wake wote, na nafikiri hangemwambia binadamu yeyote. Polepole akaanza kukaa katikati ya darasa. Sisemi ni barua peke yake, nyanyake pia alikuwa anakuja shuleni kila siku kumchukua na hilo nalo ni tiba.

BintiWaMalindi:

Nimesoma hadi hapa nikasema niandike, kwa kawaida huwa nasoma tu. Mimi ndio nilikuwa huyo mtoto, si wa risasi lakini wa bahari, kaka yangu mkubwa alizama wakati wa upepo wa kusi na mimi nilikuwa ufukweni namsubiri. Nilikuwa darasa la saba. Nilianza kumwandikia mwenyewe bila kuambiwa na mtu, namwambia mambo ya nyumbani, nani kaolewa, timu yake imefungwa, na siku moja nikaandika kile nilichokuwa naogopa kusema, kwamba mimi ndio nilimwambia aende kwa sababu nilitaka pesa ya safari ya shule. Kuliandika tu nililia lakini usiku huo nililala.

Sasa dada sikiliza sana hili. Mwalimu wetu mmoja alikuta lile daftari na akasoma mbele ya darasa. Alikuwa na nia nzuri, alisema mwenzenu anaandika kwa hisia mjifunze insha. Wallahi niliacha kuandika kabisa na niliacha kuongea pia, nikawa kila mtu akiniangalia nadhani anajua mimi ndio nilimuua kaka yangu. Ilinichukua mpaka nimeshakuwa mkubwa kuja kumwambia mtu tena. Kwa hiyo ukiuliza usome au usisome, USISOME mpaka akupe yeye kwa mkono wake. Na hata akikupa uliza hii nisome saa hii uko hapa au nisome ukienda.

UstadhLangoni:

Mimi nasomesha watoto chuoni, yaani madrasa, hapa Langoni. Baba wa Faza maneno yako ya Qur'ani na dua ni ya haki na mtoto aendelee nayo, lakini sioni inapogongana na kalamu. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe na hakukatazwa, alisema namshtakia Mwenyezi Mungu huzuni yangu. Mtoto anayeandika anashtakia huzuni yake, tofauti iko wapi?

La kuongeza mimi, mji wetu huu ni wa mashairi. Nina wanafunzi ambao ukiwaambia andika yaliyokupata wanakodoa macho, ukiwaambia tunga beti mbili za kumuombea marehemu wanatoa vitu hujui wamevitoa wapi. Vina na mizani vinampa mtoto mahali pa kushika, hajihisi anaelea. Muulize kijana kama angependa, asipotaka basi.

ShangaziWaAmu:

Nimesoma zote, nyingine mara mbili, Mungu awalipe. Binti wa Malindi umeniliza mwanangu, pole, na lile la pesa ya safari wewe ulikuwa mtoto.

Nna maswali mawili. Moja, lile daftari la hesabu hajui kama nimeliona, nimwambie au ninyamaze? Mbili, akikubali kuandika na akaandika ile nambari tu, kila siku nambari, nifanyeje?

MshauriMalindi:

La daftari mwambie, lakini kwa upole na bila kuuliza maswali. Nilikuwa natafuta karatasi nikaona nyuma ya daftari lako, sikusoma zaidi, siko na hasira, ukitaka daftari lako peke yako nitakununulia. Halafu nyamaza, na jibu akikosa kutoa usimfuate. Akilitaka mlichague pamoja dukani, achukue rangi anayotaka, na mpe mahali pa kuliweka ambapo watoto wengine hawafiki, hata kama ni sanduku lenye kufuli na ufunguo anao yeye. Hapo umeshampa kitu, manake siku ile barabarani hakuwa na uwezo wa kuamua lolote, na sasa anaamua nani aone na nani asione.

Nambari akiandika aandike. Hiyo ndio alama aliyoweza kuishika kichwani, usimwambie achana nayo. Mshauri atakayekaa naye anaweza kwenda naye polepole kuanzia hapo hapo, hili gari lilikuwa rangi gani, mlikaa dirishani, mlinunua nini kabla ya kupanda. Yaani wanaanza kabla ya hatari wanafika baada ya hatari. Kuna njia moja watumia sana na watoto wa vita, wanatandaza kamba chini, hiyo kamba ndio maisha ya mtoto tangu azaliwe, anaweka maua kwa mambo mazuri na mawe kwa mabaya. Na kamba haiishii kwenye jiwe, kunabaki kipande kimekunjwa cha siku zijazo. Mtoto akishaziona zote zimetandazwa ndo wanachukua jiwe moja moja wanaandika kisa chake. Huyu wako hata akiweka jiwe na kuliandika nambari ya gari tu, ashaanza. Ila hiyo ya mawe muachie mshauri, wewe nyumbani baki kwenye vile vya salama kama alivyosema Ticha, mahali anapopenda, babake alikuwa anapenda chakula gani, siku waliyoenda kuvua.

Ukiona baada ya kuandika halali siku kadhaa mfululizo, au anaandika kwamba anataka kumfuata babake, au anajiumiza, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo na usimuache peke yake.

Na la kitandani, naomba usiku umpeleke chooni kabla ya kulala, asichapwe, asichekwe, na shuka zisianikwe mahali wenzake wanaona. Mkojo huo ni sehemu ya mshtuko, si uvivu. Siku akiamka mkavu msifu kidogo, wengine wanaweka karatasi ukutani wanabandika nyota.

Na wewe na mamake je? Mtoto anasoma nyuso zenu. Mamake naye apelekwe, si lazima aandike, lakini asiachwe hivo.

BabaWaFaza:

Nimewasikia. Ustadh hapo kwa Nabii Yaakub umenikamata. Ticha marahaba, na poleni kwa yale ya Mpeketoni.

Basi niulize na mie, nna mjukuu wa miaka 5, walikuwa pamoja na mamake dau lilipopinduka, wote wazima alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo kuoga ni vita, akiona ndoo analia. Huyo hata kuandika hajui. Yake itakuwaje?

MshauriMalindi:

Babu shikamoo. Kuandika si lazima mkono uwe wake. Wa umri huo wanacheza na wanachora, na mkubwa ndio anakuwa karani. Mpe rangi na karatasi, au mchanga tu hapo nje na vifuu viwe madau, muache acheze. Utaona huenda atapindua dau mara nyingi, usimzuie. Akishazoea unaweza kukaa kando ukamuuliza hapa nani yuko ndani, na huyu anafanya nini, ukaandika maneno yake vile vile anavyoyasema, usiyapambe. Mwisho muulize na sasa hivi hawa watu wako wapi, na kama hajasema mkumbushe kwamba mama yuko jikoni, wewe uko hapa. Fanyeni kijitabu, michoro yake juu na maneno yake chini.

Kuoga msimtie kwenye ndoo kwa nguvu. Anzeni na kitambaa kilicholowa, kesho kikombe, akimwaga mwenyewe kwa mkono wake, hivo hivo mpaka azoee. Ikipita mwezi na bado analia vile vile, au hali chakula wala hachezi, mleteni hospitali.

Na kile kijitabu ukimaliza kuandika msomee. Akikwambia sivyo ilivyokuwa, futa uandike anavyosema yeye.